Doa jeupe kwenye jino la mtoto bado si tundu

"Habari ya kazi, daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka 6, tunaishi Kasarani. Wiki jana nikimwandaa kwenda shule niliona madoa meupe kama chokaa kwenye meno yake mawili ya mbele ya juu, karibu kabisa na ufizi. Hayamuumi na sioni tundu. Jirani ananiambia jino limeshaanza kuoza na likianza halirudi, ningoje tu ling'oke. Mwingine amenionyesha kwenye simu unga wa makaa na dawa inayodai kurudisha madini ya meno. Shida yangu ni kwamba mimi nimelelewa Gilgil na meno yangu ni ya kahawia kwa sababu ya floridi. Niliapa mwanangu hatapitia aibu hiyo, kwa hivyo tangu aote jino la kwanza namnunulia dawa ya meno isiyo na floridi. Maji ya ploti yetu ni ya kisima kilichochimbwa hapo hapo. Je, madini yanaweza kurudi kweli? Na nifanye nini nisije nikamharibia meno kama yangu?"

Dada yangu, nianze na la kukupunguzia wasiwasi. Ikiwa madoa hayo ni mwanzo wa kuoza na jino halijatoboka, ndiyo, madini yanaweza kurudi. Jirani yako amekuambia nusu ya ukweli. Tundu likishafunguka jino halijijazi lenyewe, kwa sababu chembe hai zilizoijenga enameli, lile gamba gumu la nje, hupotea jino linapochomoza na hakuna nyingine za kuijenga upya. Lakini kabla ya tundu kuna kipindi, mara nyingi miezi mingi na wakati mwingine miaka, ambacho jino hupoteza madini na kuyapata tena. Doa jeupe ni ishara ya kipindi hicho. Wewe umeliona mapema. Wazazi wengi ninaowapokea huja mtoto akiwa hajalala usiku mbili kwa maumivu.

Hicho kiapo chako nacho nakielewa. Nimekaa na wagonjwa waliokulia Gilgil, Naivasha, Njoro na Elementaita, watu wazima wenye kazi nzuri, ambao hadi leo wakicheka mkono unapanda wenyewe kufunika mdomo. Sitakuambia uogope kidogo. Nitakueleza floridi iliyokuharibia meno ilipita njia gani, na ile ninayotaka mtoto aipate inapita njia gani, kisha uamue wewe na baba yake.

Kwanza lakini tujue doa ni la nini, maana si kila weupe ni kuoza. Mpige mtoto mswaki vizuri hadi ukoga wote utoke. Mkalishe dirishani mchana, mwinue mdomo wa juu kwa kidole, panguse jino kwa kitambaa safi au pamba hadi likauke, usubiri kidogo, halafu utazame. Doa la kuoza hukaa pale ukoga unapopenda kukaa: linafuata ukingo wa ufizi kama mwezi mwandamo, halina mng'ao, linafanana na chokaa ya ubaoni, na mara nyingi ufizi wa hapo ni mwekundu na hutoa damu ukiguswa na mswaki. Doa la floridi lina tabia nyingine. Huja kwa jozi, jino la kushoto likifanana na mwenzake wa kulia, kama mistari myembamba ya kulala au wingu jembamba lililotapakaa, uso wake bado unang'aa, na jino lilichomoza nalo. Kuna la tatu, ambalo huonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani: kiraka chenye mpaka ulio wazi, cheupe au cha rangi ya malai, mara nyingi pamoja na magego yanayouma kwa maji baridi. Hilo ni kasoro ya jino lilipokuwa likiumbwa na linataka mtaalamu alione.

Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu kabisa na ufizi, kama chokaa, na mtoto hajawahi kutumia dawa ya meno yenye floridi, nina sababu ya kudhani ni mwanzo wa kuoza. Kudhani si kupima, na hilo nitalirudia chini.

Kukausha jino kuna sababu yake. Chini ya uso wa doa, enameli imejaa vinyweleo vidogo mno vilivyoachwa na madini yaliyotoka. Vikijaa mate, mwanga hupita karibu kama kwenye jino zima na doa hujificha. Mate yakikauka hewa huingia, mwanga hutawanyika, weupe hujitokeza. Kwa hivyo doa linaloonekana jino likiwa kavu tu bado ni changa. Linaloonekana hata jino likiwa limelowa limekwenda ndani zaidi. Na tafadhali usilichokonoe kwa kijiti wala kwa pini kuona kama limelainika. Juu ya hivyo vinyweleo kuna tabaka jembamba ambalo bado limeshikana, na ndilo linalofanya tuseme jino halijatoboka. Ukilivunja, umelitoboa wewe.

Sasa madini hutoka vipi? Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, hasa kalsiamu na fosfeti zilizofungamana kuwa fuwele zilizopangwa kwa kubanana. Ni kitu kigumu kuliko chochote kingine mwilini, mfupa ukiwemo, ila kina udhaifu mmoja: asidi. Ndani ya ukoga wanaishi bakteria wanaokula sukari tunayokula sisi na kutoa asidi. Dakika chache baada ya mtoto kunywa chai yenye sukari, uchachu chini ya ukoga hupanda. Kipimo cha uchachu kiitwacho pH hushuka kadiri uchachu unavyopanda, na kikishuka chini ya takriban 5.5, fuwele huanza kuyeyuka na kalsiamu na fosfeti hutoka. Halafu mate hufanya kazi yake. Huzimua asidi, na kwa kuwa yenyewe yana kalsiamu na fosfeti, huyarudisha madini mahali pake. Safari hiyo ya kurudi huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Kinywa chako na changu vinafanya hivyo kila siku, kila tunapokula. Jino huoza pale muda wa kutoka unapozidi muda wa kurudi, wiki baada ya wiki.

Ndiyo maana siulizi mtoto anakula sukari kiasi gani kabla sijauliza mara ngapi. Hebu fuata siku ya mtoto wa Nairobi. Saa kumi na mbili asubuhi chai ya maziwa na mandazi. Ndani ya gari la shule, juisi ya pakiti inayonyonywa kwa mrija hadi Thika Road iishe. Saa nne biskuti. Mchana chakula, hicho hakina neno. Saa kumi jioni kipande cha miwa kutoka mkokoteni wa langoni. Jioni uji wenye sukari, na kabla ya kulala kikombe cha maziwa ambacho nacho kimetiwa sukari. Hajala sukari nyingi kuliko mtoto mwingine, lakini mate yake yamelazimika kuanza kazi upya mara sita kwa siku moja. Ile juisi ya garini inanisumbua kuliko mandazi, kwa sababu inanyonywa taratibu kwa dakika 40, na jino huoga asidi dakika zote hizo. Kikombe cha usiku ndicho kibaya zaidi: usingizini mate hupungua sana, na sukari iliyobaki mdomoni hukaa na bakteria bila mlinzi.

Hapo ndipo floridi inapoingia. Ikiwepo hata kidogo kwenye mate na kwenye ukoga wakati madini yanarudi, hushika juu ya fuwele iliyoyeyuka nusu, huvuta kalsiamu, na fuwele inayojengeka upya huwa imara kuliko ile ya mwanzo. Ile ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye pH ya 5.5, iliyojaa floridi huvumilia hadi karibu 4.5. Kazi hii hufanyika juu ya jino, kwa kugusana. Haihitaji kumezwa.

Na ya Gilgil je? Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji yanayokaa humo huyeyusha floridi nyingi. Ulipokuwa mtoto mdogo ulikunywa maji hayo na ulipikiwa nayo. Floridi iliingia kwenye damu, ikafika kwenye meno ya ukubwani yaliyokuwa bado yanaumbwa ndani ya taya, ikavuruga chembe zilizokuwa zikijenga enameli. Jino likatoka likiwa na vinyweleo, na vinyweleo vikanywa rangi hadi vikawa kahawia. Uharibifu huo hutokea jino likiwa bado linajengwa, hasa miaka ya mwanzo ya maisha hadi kama miaka 8. Jino lililokwisha kuchomoza haliwezi kupata alama hizo hata ukilipaka floridi kila siku.

Kuna historia moja ambayo huwa nawasimulia watu wa kwenu. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia kama yenu. Alitafuta sababu kwa miaka mingi, na njiani akagundua kitu ambacho hakukitegemea: meno hayo yalikuwa hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 wakemia waliipata sababu kwenye maji, floridi. Yaani elimu yote ya floridi na kuoza kwa meno ilianzia kwa watu wenye meno ya kahawia. Usidhani kwa hilo kwamba wewe umekingwa. Meno yaliyoathirika sana humeguka, na yakimeguka huoza.

Tupige hesabu, maana hofu hupungua ikipimwa. Kwa mtoto wa miaka 6 dawa ya meno inayowekwa kwenye mswaki ni kiasi cha punje ya njegere, karibu robo gramu. Kama dawa ina floridi ya 1450 ppm, yaani sehemu 1450 kwa kila milioni, namba ambayo utaiona nyuma ya kifuko, basi punje hiyo ina miligramu 0.36 za floridi. Akitema, anameza sehemu tu ya hiyo. Sasa chukua maji. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme kisima cha ploti yenu kina miligramu 3: mtoto akinywa lita moja kwa siku amemeza miligramu 3, ukiacha ya ugali na chai. Umemnyima kile kidogo ambacho kingemsaidia, na inawezekana kile kingi kinaingia kila siku kwa jagi. Sikulaumu, dada. Hakuna aliyekuambia utazame upande wa maji.

Kwa hivyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kupima maji hayo. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka zaidi kwenye mito na mabwawa ya milima ya Aberdare, kama Ndakaini na Sasumua, na floridi yake huwa kidogo. Visima virefu ni habari nyingine: vingi jijini vimechimbwa kwenye mwamba wa volkano na baadhi huvuka kikomo, hata ploti ya jirani ikiwa salama. Maabara yoyote ya maji inaweza kupima. Taja kwamba unataka kipimo cha floridi, kwa sababu kipimo cha vijidudu pekee hakitaionyesha. Huenda mwenye ploti anayo ripoti ya kisima tangu kilipochimbwa, mwombe. Kikivuka 1.5, tafuteni maji mengine ya kunywa na kupikia, ya bomba au ya mvua, na ya kisima yabaki ya kufulia na kuogea. Kuchemsha hakuiondoi floridi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Dawa ya kutibu maji haiiondoi, wala chujio la kawaida. Chujio la mkaa wa mifupa huiondoa likitunzwa, na mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba pia. Na kama jikoni mnatia magadi kwenye maharagwe au mboga ili ziive upesi, punguza. Magadi yetu yana floridi nyingi.

Jambo la pili, ambalo halingoji majibu ya maabara: mwanzishie mtoto dawa ya meno yenye floridi. Meno yake ya mbele ya ukubwani yameshamaliza kujengwa ndani ya taya, yanangoja tu kutoka. Yaliyobaki yakijengwa ni ya nyuma, na kwa punje ya njegere inayotemwa hatari yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuoza ambako tayari kunaonekana. Tafuta iliyoandikwa kati ya 1000 na 1500 ppm. Kwa mtoto mwenye madoa napendelea karibu na 1450. Haina haja kuwa ya bei. Mara mbili kwa siku, na ya usiku iwe kitu cha mwisho kuingia mdomoni. Weka dawa wewe mwenyewe na umpigie wewe mswaki, au ummalizie, hadi afike kama miaka 8. Mkono wa mtoto wa miaka 6 haufiki ukingo wa ufizi wa juu, na madoa yako hapo hapo. Halafu ateme, asisukutue kwa maji. Najua sote tumelelewa tukisukutua hadi povu liishe, lakini ukisukutua umemwaga dawa uliyoinunua. Ukiwa na mdogo wake chini ya miaka 3, kiasi ni punje ya mchele.

Sasa hizo nyingine ulizoonyeshwa. Unga wa makaa usimpe. Weupe wake hutokana na kukwangua, na doa la mwanao limefunikwa na tabaka jembamba ambalo halitaki kukwanguliwa. Madini hauna ya kurudisha. Limau ni asidi tupu, lisiguse jino kwa sababu ya kung'arisha. Vidonge vya kalsiamu havifiki hapo: enameli haina mishipa ya damu, hivyo kalsiamu iliyo tumboni haiwezi kusafiri hadi kwenye doa. Maziwa matupu yasiyo na sukari ni rafiki wa jino, kwa sababu hupita juu yake yakiwa na kalsiamu na fosfeti. Msuaki wa mti unasafisha ukoga vizuri ukitumiwa kwa makini na siukatazi, ila hauchukui nafasi ya floridi.

Hiyo dawa inayodai kurudisha madini, soma nyuma yake. Ikiwa imetengenezwa kwa protini ya maziwa iliyobeba kalsiamu na fosfeti, ni kitu halisi, ila ikiongezwa juu ya dawa ya kawaida yenye floridi faida ya ziada inaonekana ndogo, bei ni kubwa, na haifai kwa mwenye mzio wa maziwa. Ikiwa ina haidroksiapataiti, yaani madini yenyewe ya jino yaliyosagwa laini sana, tafiti zinatia moyo ingawa ushahidi wake haujafikia ule wa floridi. Baba yake akikataa floridi kabisa, afadhali hiyo kuliko dawa tupu. Ikisema itaotesha enameli mpya, iache dukani.

Kliniki inaweza kuongeza nguvu. Kuna vanishi ya floridi, tunaipaka kwa brashi ndogo jino likiwa kavu, inaganda ikikutana na mate, na mtoto halii. Namba yake huwatisha watu, 22,600 ppm, lakini kinachopakwa ni matone machache, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa mwanao ningeipaka siku ya kwanza. Ningetazama pia magego ya kwanza ya ukubwani, ambayo huota kimya kimya nyuma ya ya utotoni katika umri huu bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani nayo ni ya utotoni. Enameli yake ikiwa changa bado haijakomaa, na mifereji yake hushika chakula. Kuiziba mapema kwa kifunikio ni kazi ya dakika chache. Na kama lipo jino la utotoni lililokwisha kutoboka, kuna dawa ya fedha na floridi inayopakwa bila sindano wala mashine na kusimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupaka jino rangi nyeusi moja kwa moja, kwa hivyo daktari akuonyeshe picha kabla hujakubali, hasa kwa jino la mbele.

Utaniuliza kwa nini tuhangaike na meno yatakayong'oka. Ya mbele ya juu yatang'oka akiwa na miaka 7 au 8, kweli. Lakini ya nyuma ya utotoni yatakaa hadi kama miaka 10 au 12, enameli yake ni nyembamba kuliko ya ukubwani na ikitoboka huoza haraka, na bakteria waliopo leo ndio watakaoyapokea meno mapya.

Mpeleke akaonwe ndani ya wiki chache, hata kama haumwi, kwenye kituo cha afya chenye daktari wa meno au hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwambie daktari kwamba hujapima maji na kwamba mtoto hajatumia floridi. Mpeleke mapema zaidi doa likigeuka kahawia lisilong'aa, likimeguka, au akianza kukwepa kitu baridi au kutafuna upande mmoja. Kipele chenye usaha kwenye ufizi kinataka daktari siku hiyo hiyo hata bila maumivu. Na akivimba shavu au chini ya taya, akiwa na homa, au akishindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje kliniki ya meno ifunguliwe, kimbilia hospitali usiku huo.

Usitegemee doa lifutike. Madini hurudi zaidi kwenye uso, na mara nyingi weupe kidogo hubaki ndani kama kovu. Unachotafuta ni mng'ao. Leo mkaushe jino hapo dirishani, umpige picha kwa simu. Baada ya miezi 3, saa ile ile na dirisha lile lile, piga nyingine uziweke pamoja. Kama chokaa imegeuka kung'aa kama kigae na ufizi hautoi damu tena, madini yanarudi na mnaendelea hivyo hivyo. Kama bado ni butu, au limepanuka, njoo na picha zote mbili.